Muziki wa gemu: pakua FLAC kwanza, MP3 utaitengeneza mwenyewe

Wiki hii msomaji ameniandikia. Amenunua Minecraft – Volume Alpha, albamu ya mtunzi C418 ya mwaka 2011, kwenye Bandcamp, duka la muziki la mtandaoni. Alipofika kwenye kupakua akakuta fomati chungu nzima, akachagua MP3 kwa kuwa ndiyo anayoijua. Sasa anauliza kama pesa yake imepotea.

Haijapotea. Albamu bado imo kwenye akaunti yako. Ingia, fungua mkusanyiko wako, chagua FLAC, fomati inayobana sauti bila kuipunguza, pakua upya. Ila subiri upate Wi-Fi au bando la usiku, maana hesabu yake ni hii: saa moja ya muziki wa ubora wa CD, yaani chaneli mbili, kila moja na sampuli (vipimo vya sauti) 44,100 kwa sekunde zenye biti 16, ikiwa WAV, fomati isiyobana, inakula MB 635. FLAC huishusha hadi kama nusu au theluthi mbili ya hapo. MP3 ya kilobiti 320 kwa sekunde ni MB 144, na Opus, fomati nyingine inayotupa sauti kama MP3, ya kilobiti 128 haifiki MB 60.

FLAC inabana kama faili ya zipu (ZIP) inavyobana hati: ukifungua, kila kitu kinarudi kilivyokuwa. MP3 inatupa sauti inazodhani sikio halitazikosa, na kilichotupwa hakirudi. Ukiigeuza MP3 kuwa FLAC unapata faili kubwa yenye mapengo yaleyale. Ukiigeuza MP3 kuwa Opus au AAC, unatupa juu ya kilichokwishatupwa. Ndiyo maana nasisitiza: nakala ya kuhifadhi iwe FLAC, na nakala zote ndogo zitoke kwenye hiyo.

Muziki wa gemu una jambo jingine ambalo nyimbo za kawaida hazina: umetungwa uzunguke bila kukatika. Hapo MP3 inaumbuka. Inapanga sauti kwa mafungu ya sampuli 1,152, kama milisekunde 26 kila fungu. LAME, programu ya kutengeneza MP3, huongeza sampuli 576 tupu mwanzoni, kisha hujaza mwishoni mpaka fungu la mwisho litimie. Wimbo ukirudi mwanzo, unasikia kigugumizi. LAME huandika ndani ya faili ni sampuli ngapi za kukata, lakini si kila kichezeshi kinasoma maandishi hayo. Ogg Vorbis na Opus hutunza urefu kamili, na FLAC pia. Anayetengeneza gemu kwa programu ya RPG Maker atumie Ogg yenye tagi za LOOPSTART na LOOPLENGTH, zinazosema mzunguko unaanzia wapi na una urefu gani, aachane na MP3 kabisa kwa muziki wa kuzunguka.

Sasa kosa linalowafanya watu wamlaumu muuzaji bure. Wamejifunza kufungua faili kwenye programu ya Spek na kuangalia picha ya masafa, yaani sauti nyembamba zinafika juu kiasi gani. Kanuni wanayoijua ni kweli: MP3 ya kilobiti 128 kwa kawaida hukatika karibu na Hz 16,000, ya 320 karibu na Hz 20,000. Basi wakiona FLAC ya muziki wa Super Nintendo, mashine ya gemu ya zamani, imekatika Hz 16,000, wanasema ni MP3 iliyovishwa koti la FLAC. Sivyo. Chipu ya sauti ya mashine ile ilitoa sampuli 32,000 kwa sekunde, na sauti ya namna hiyo haiwezi kubeba chochote kilicho juu ya Hz 16,000. Faili inaweza kuwa halisi kabisa. Kabla ya kuhukumu, jiulize muziki umetoka kwenye mashine gani. Muziki uliorekodiwa studio kwa gemu ya miaka hii ukikatika hapo, ndipo uwe na shaka.

Vivyo hivyo usiogope FLAC ndogo kupita kiasi. Muziki wa NES, mashine ya Nintendo iliyoitangulia hiyo, ni wa chaneli moja. Ukiwekwa kwenye faili ya chaneli mbili zinazofanana, FLAC huona kwamba ya pili haina jipya na kuibana hadi karibu kutoweka.

Kuhusu faili za biti 24 na kHz 96 (sampuli 96,000 kwa sekunde): ghafi yake ni zaidi ya GB 2 kwa saa. Kama unakata na kuchanganya sauti, biti 24 zina kazi. Kwa kusikiliza tu, usijisumbue.

Kwa simu, tengeneza Opus kwa kuandika amri hii kwenye terminali ya kompyuta:

opusenc --bitrate 128 wimbo.flac wimbo.opus

Majina ya nyimbo na picha ya jalada vinahamia humo. Redio ya gari isiyosoma Opus, ipe MP3:

ffmpeg -i wimbo.flac -c:a libmp3lame -q:a 0 wimbo.mp3

Mwenye iPhone anayetaka nyimbo zikae kwenye maktaba ya Apple Music ageuze FLAC kuwa ALAC, fomati ya Apple ya namna hiyohiyo. Hakipotei kitu, maana zote mbili hazitupi sauti. Na ukisikiliza kwa hedifoni za Bluetooth zinazotumia SBC, njia ya kubana sauti kwa Bluetooth, sauti inabanwa tena njiani hata kama faili ni FLAC, kwa hiyo kujaza memori kadi kwa FLAC hapo ni kujinyima nafasi.

Kwenye Steam, angalia mipangilio ya muziki: kuna mahali pa kuruhusu upakuaji wa sauti ya ubora wa juu, pale mchapishaji alipoiweka.

Ukishapakua, usifute zipu bado. Fungua folda kwenye terminali na andika:

flac -t *.flac

Kila FLAC kwa kawaida hubeba alama ya MD5, namba inayotambulisha sauti yake, na amri hii huilinganisha na kilichomo. Mtandao ukikatika katikati, faili iliyoumia itajitaja hapo. Ipakue hiyo upya, halafu ndipo uanze kutengeneza nakala za simu.