Vinundu kwenye mizizi ya kunde: usimwage dawa kabla hujavipasua

Ndugu yangu wa Kisauni, nimesoma habari yako. Umeng'oa mche wa kunde ukakuta mizizi imejaa vijipele, na muuzaji wa dawa za shamba kakwambia ni ugonjwa wa ardhini, ununue dawa umwage konde zima. Na upande wa pili mibiringani yako inanyauka. Tafadhali hiyo dawa iache dukani kwanza. Haya ni mambo mawili mbalimbali, na huenda hivyo vijipele ndivyo vyenye faida kuliko chochote ulicho nacho kondeni.

Mimi nalima kunde, pojo na mboga Shanzu, huku Mombasa, kwenye ardhi ya tumbawe ambayo jembe likizama kidogo tu lagonga jiwe. Kila msimu, kunde zikikaribia kutoa maua, nachimbua miche michache niangalie mizizi. Usivute shina, maana vinundu vitakatikia ardhini. Chimbua pamoja na udongo wake kwa sepetu, utie kwenye ndoo ya maji, udongo ujiachie wenyewe. Kisha sukuma kijipele kimoja kwa ukucha. Kikibanduka kirahisi na mzizi ukabaki mzima, hicho ni kinundu cha bakteria. Ukiona ni mzizi wenyewe ulionenepa, haubanduki mpaka uukate, hiyo ni kazi ya minyoo fundo, minyoo wadogo mno wa udongoni, na hao ni maadui kweli. Halafu chukua wembe ukipasue. Ndani kikiwa chekundu kama nyama mbichi, kinafanya kazi. Cheupe bado ni kichanga, au kina bakteria wasio na msaada. Cha kijani au kahawia kimezeeka.

Wekundu huo watokana na leghemoglobini, protini iliyo jamaa na ile inayoipa damu yetu rangi. Hewa tunayovuta asilimia 78 ni nitrojeni, lakini mmea hauwezi kuitumia ilivyo. Bakteria ndani ya kinundu wana kimeng'enya cha kuigeuza iwe chakula cha mmea, na kimeng'enya hicho chaharibika kikiguswa na oksijeni. Lakini bakteria wenyewe wahitaji oksijeni wapate kupumua. Leghemoglobini ndiyo inayoshika oksijeni na kuitoa kidogo kidogo. Mimi hili halijaacha kunishangaza.

Tena bakteria hawa hawaingii kwa kuvamia. Mzizi wa kunde hutoa kemikali udongoni, bakteria wanaohusika wakazitambua wakajibu kwa kemikali yao, ndipo unywele wa mzizi ukajikunja na kuwafungulia njia ya kuingia. Mwaka 1888 Martinus Beijerinck wa Uholanzi aliwatenga bakteria wa vinundu akawakuza peke yao, na tangu hapo watu wengi wamefanya kazi ya kuyasoma mazungumzo hayo. Kunde haichagui sana, na bakteria wanaoikubali wapatikana kwenye udongo mwingi wa kwetu. Soya ndiyo yenye masharti: mara nyingi huwa lazima mbegu zake zipakwe bakteria wake kabla ya kupandwa. Ukija kupanda soya, kumbuka pakiti ya bakteria hao ni ya viumbe hai. Iweke kivulini, panda jioni, na usiichanganye na mbegu zilizotiwa dawa ya kuvu.

Mmea huwalisha wageni hawa sukari, na sukari ni gharama. Kwa hiyo ukimwaga mbolea ya yurea kwenye kunde, mmea hupata nitrojeni ya bure na kupunguza vinundu. Fedha yako imekwenda na bakteria wako wamefukuzwa. Kinachopungua zaidi kwenye ardhi yetu ya tumbawe ni fosforasi, kwa sababu chokaa huishika fosforasi hiyo, mizizi isiipate. Samadi iliyooza vizuri husaidia hapo. Na kama majani machanga ndiyo yanayogeuka manjano huku mishipa ikibaki kijani, hilo ni suala la madini ya chuma, ambayo chokaa huyashika vilevile. Njaa ya nitrojeni huanzia majani ya chini, yaliyozeeka.

Ukitaka kuona bakteria wa mizizi wanaweza nini, nenda Bamburi. Pale Haller Park palikuwa machimbo ya kiwanda cha saruji, tumbawe tupu jeupe, jua linachoma, udongo hakuna. Mtaalamu wa kilimo, René Haller, alianza kupanda miti mwaka 1971. Kati ya aina 26 alizojaribu zikasimama 3 tu, mvinje na mnazi zikiwamo. Mvinje si wa ukoo wa kunde, lakini mizizi yake nayo ina vinundu, humo anakaa bakteria mwengine aitwaye Frankia, na yeye pia hutengeneza nitrojeni kutoka hewani. Majani yake yakianguka yalikuwa magumu kuoza, basi wakaletwa majongoo wakubwa wenye miguu myekundu wayale. Kinyesi chao, kikishughulikiwa na bakteria, kikawa udongo. Leo pana msitu.

Sasa mibiringani. Hiyo inayonyauka ghafla na majani bado kijani, mchana yalala, jioni yainuka kidogo, kisha haiinuki tena, naishuku mnyauko wa bakteria. Mdudu wake ni Ralstonia, naye ni wa udongoni vilevile. Huingia kwa vidonda vya mizizi, huzaana ndani ya mirija ya maji mpaka ute wake ukaiziba. Kata kipande cha shina karibu na ardhi, kishike wima ncha ya chini ikigusa maji safi kwenye glasi ya kioo, utulie. Ndani ya dakika chache ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zateremka, ni yeye. Dawa ya kumwagia ikamponya hakuna. Ng'oa mche pamoja na mizizi uuchome, osha jembe kabla ya kwenda tuta jengine, na maji ya tuta hilo yasitiririkie mengine. Hukaa ardhini miaka, kwa hiyo hapo usirudishe biringani, nyanya, pilipili wala viazi. Na mnavu pia, tuupendavyo, ni wa ukoo huo huo na huweza kumhifadhi. Panda mahindi.

Kunde ukishavuna, kata shina usawa wa ardhi uiache mizizi iozee mlemle. Lakini kwanza chimbua mche mmoja upasue. Ukikuta weupe mtupu ndani, niandikie hapa hapa, useme kunde zina umri gani na kama ulitia yurea.