Ukienda Umbria, Anza na Kalenda

Kila nikitaja kwamba nimewahi kuishi Perugia, mji mkuu wa mkoa wa Umbria katikati ya Italia, swali linalofuata ni lilelile: "Nina siku saba Italia. Roma siku mbili, Venice mbili, Florence mbili. Umbria niiweke wapi?" Jibu langu huwaudhi watu. Usiiweke popote. Kwa ratiba hiyo iache, utakuja siku nyingine. Lakini kama uko tayari kutumia siku nne au tano kwenye mkoa usio na bahari hata kidogo, wenye miji iliyopandishwa juu ya vilima na maduka yanayofungwa saa saba mchana ili mwenye duka akale na kupumzika, basi kabla hujafungua ramani fungua kalenda.

Mimi ni mtu wa Tanga. Perugia nilikwenda kujifunza Kiitaliano kwenye chuo kikuu cha wageni, kile kilichoanza mwaka 1921. Nilikaa karibu miezi mitatu, kuanzia Januari, na safari ile nilikosea karibu kila kitu. Nilijiandikia orodha: Assisi, Gubbio, Spello, Orvieto, Spoleto. Kila Jumamosi nikapanda basi au treni, nikaufuta mji mmoja kwenye orodha, nikarudi jioni na picha za mawe. Gubbio niliifikia Februari. Upepo unakata masikio, milango imefungwa, paka mmoja ameketi kwenye ngazi za kanisa. Nikaandika kwenye daftari langu: "Mji mzuri, ila umekufa."

Mwaka 2023 nilirudi Gubbio tarehe 15 Mei, na kama ningekuwa na daftari lile mkononi ningelificha.

Tarehe hiyo haibadiliki, iwe Jumatatu au Jumapili. Ni mkesha wa siku ya Mtakatifu Ubaldo, askofu wa mji huo aliyefariki mwaka 1160. Wenyeji wanaiita Corsa dei Ceri, mbio za mishumaa, ingawa mishumaa yenyewe ni ya mbao: minara mitatu, kila mmoja unazidi mita nne kwa urefu, na uzito wake unakaribia kilo 300. Juu ya kila mmoja imesimamishwa sanamu ndogo ya mtakatifu. Ubaldo ni wa waashi, Giorgio ni wa wafanyabiashara na mafundi, Antonio ni wa wakulima na wanafunzi. Saa kumi na mbili jioni wanaume huitia begani na kutoka mbio. Wanapita mitaani, kisha wanapanda mlima Ingino hadi kwenye kanisa la Ubaldo lililo juu kabisa. Hakuna anayeweza kuubeba kwa muda mrefu, kwa hiyo hupokezana mabega wakiwa mbioni. Mnara hausimami.

Sasa sikiliza hapa. Ubaldo ndiye anayetangulia kila mwaka. Giorgio wa pili, Antonio wa tatu. Kupitana ni mwiko. Nilimuuliza mzee mmoja aliyesimama karibu nami, "Sasa babu, mnashindania nini?" Akanitazama kama nimeuliza kwa nini watu wanaswali. Baadaye nilielewa. Wanaangaliana nani kaubeba mnara wima bila kuyumba, nani kaanguka, nani kaachwa nyuma. Na huko juu, watu wa Ubaldo hujaribu kuufunga mlango wa kanisa kabla Giorgio hajaingia. Jambo hilo hujadiliwa mwaka mzima, baa kwa baa, kama sisi tunavyojadili penalti ya Simba na Yanga.

Ushauri wangu kwa Gubbio ni huu, na nimeulipia mwenyewe.

Usivae rangi ovyo. Wabebaji huvaa suruali nyeupe, kitambaa chekundu shingoni na mshipi mwekundu kiunoni, lakini shati ndilo linalotangaza upande: njano ni Ubaldo, bluu ni Giorgio, nyeusi ni Antonio. Mimi nilikwenda na blauzi ya njano niliyonunua mnadani bila kufikiri lolote. Kufika saa nne asubuhi nilikuwa nimeshapata ndugu. Mama mmoja alinishika mkono, akaniketisha mezani kwao, na alipojua sili nguruwe alisimama akawaza kidogo, kisha akaniletea baccalà, samaki wa chumvi aliyepikwa na vitunguu. Kwa mtu aliyekulia ng'onda, ilikuwa kama kurudi nyumbani. Kijana wa shati jeusi aliyekuwa meza ya jirani aliniuliza kwa masikitiko kabisa kwa nini nimechagua upande ule.

Mchana, minara inaposimamishwa uwanjani Piazza Grande, usijibane katikati kama hujazoea msongamano. Viongozi hupanda juu ya minara na mitungi ya maji, wanamwaga, halafu wanautupa mtungi kwenye umati. Watu hugombania vigae kwa sababu vinasemwa kuleta bahati. Nilitaka kigae sana. Nilipata kisigino cha mtu kwenye kidole gumba. Kaa pembeni, karibu na ukuta, uisikilize kengele kubwa ya Palazzo dei Consoli, jumba la kale la watawala wa mji, ambayo wapigaji wake huisukuma kwa miguu.

La mwisho: Gubbio haina treni, na basi la kurudi Perugia halikusubiri. Nilijiambia nitaondoka mbio zikiisha. Umati ulipopungua basi la mwisho lilikuwa limekwenda, na chumba hakuna mji mzima, kwani vilikuwa vimeshikwa tangu miezi ya nyuma. Nikarudi kwa wale watu wa njano kwa aibu, wakaniongezea kiti. Kwa ajali hiyo nikaona kitu ambacho watalii wengi hawakioni, kwa sababu wameshalala Perugia: usiku, minara imebaki mlimani, lakini wale watakatifu wadogo wanateremshwa mjini mikononi, kwa mishumaa na nyimbo za taratibu, na wanaume waliokuwa wakipiga kelele mchana wanalia waziwazi. Weka chumba mapema. Au kosa basi, lakini uwe na koti.

Spello nilikuwa na bahati mbaya kwanza. Mji huu mdogo wa mawe ya rangi ya waridi huandaa Infiorata, mazulia ya maua yanayotandikwa barabarani kwa ajili ya sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo. Hapa tarehe inahama, maana inafuata Pasaka: ni Jumapili ya tisa baada yake. Mara ya kwanza nilipoipangia, nilipeleka maombi ya viza wiki nne kabla. Ofisi ikaniomba karatasi moja ya ziada, nikaipeleka, nikasubiri. Pasipoti iliporudi mkononi mwangu maua ya Spello yalikuwa yameshafagiliwa.

Kwa hiyo, kwa wenzangu tunaohitaji viza ya Schengen, ile viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, Italia ikiwemo: unaruhusiwa kuomba hadi miezi sita kabla ya safari. Omba mapema. Tangu Juni 2024 ada ya mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifikie euro 30,000. Tarehe za bima, tiketi na hoteli zioane. Sikukuu haiahirishwi kwa sababu pasipoti yako iko kwenye droo ya mtu.

Nilipofanikiwa kufika, mwenye nyumba wangu wa zamani wa Perugia alinipa siri: usiende Jumapili, nenda Jumamosi jioni. Jumapili asubuhi utaona mazulia yamekamilika, kilomita nzima na zaidi ya picha zilizotengenezwa kwa petali na majani tu, rangi za kiwandani haziruhusiwi. Yanapendeza, lakini utayaona juu ya vichwa vya watu wengine. Jumamosi usiku ndipo kazi yenyewe inapofanyika. Kila kundi lina mahema yake na taa zake. Vijana wamepiga magoti kwenye mawe tangu jioni, bibi anawakemea kwamba bluu ile si bluu ya vazi la Bikira Maria. Na kama utafika siku chache kabla, pita kwenye gereji zilizo wazi. Utakuta wanawake wamezunguka meza wanachambua maua, petali huku, vikonyo kule, huku umbeya ukitembea. Kaa. Hakuna atakayekuuliza tiketi. Nilichambua maua ya manjano saa tatu, na Kiitaliano nilichopata mezani pale hakikuwa kwenye kitabu chochote cha chuo. Kisha Jumapili askofu akapita juu ya zulia lile na maandamano yake, na kazi ya usiku kucha ikavurugika kwa dakika chache. Nilisononeka kuliko waliolitengeneza.

Assisi ina mambo mawili, uyatenganishe.

Moja ni Calendimaggio, mwanzoni mwa Mei, siku nne. Mji hugawanyika, Parte de Sopra na Parte de Sotto, wa Juu na wa Chini, nao hushindana kwa nyimbo, maigizo na maandamano ya mavazi ya enzi za kati, na majaji kutoka nje huamua nani kashinda. Aliyewahi kuwa Makunduchi siku ya Mwaka Kogwa, watu wa kaskazini na wa kusini wakipigana kwa migomba, ataielewa mara moja: ugomvi wa kila mwaka ambao ndiyo unaowafanya wawe mji mmoja. Tofauti ni kwamba Assisi ugomvi unaimbwa kwa sauti nne. Viti vya uwanjani huuzwa mapema, lakini mitaani unatazama bure.

Jambo la pili ni Mtakatifu Fransisko, mzaliwa wa mji huu. Alifariki mwaka 1226, miaka miwili baadaye ujenzi wa basilika ukaanza, na leo mabasi ya mahujaji hayakatiki. Tarehe 4 Oktoba, sikukuu yake, mji hujaa kabisa, na mwaka 2026 unatimiza miaka 800 tangu kifo chake. Mimi si Mkristo, nilikwenda kwa ajili ya michoro ukutani, na kwa kuwa basilika ni makanisa mawili yaliyopandana, nilikaa kanisa la chini hadi shingo ikauma. Tazama juu ukiwa kanisa la juu pia: sehemu za dari zilianguka kwenye tetemeko la Septemba 1997 na kuua watu wanne, na mafundi wakaunganisha vipande vya michoro kimoja kimoja. Kuhusu mavazi, mabega na magoti yafunikwe. Mtandio wangu na gauni refu vilinipitisha mlangoni bila neno, wakati kijana wa kaptula fupi aliyekuwa mbele yangu alirudishwa. Ukiweza, lala mjini. Saa kumi na mbili jioni mabasi yanaondoka, na mji unabaki wa wenyeji na mbayuwayu.

Umbria Jazz, iliyoanza mwaka 1973, inaijaza Perugia kila Julai. Kama unapenda muziki, nenda, maonyesho mengi ya viwanjani ni ya bure. Kama unataka kuujua mji, Julai si mwezi wake, na bei za vyumba zitakutoa jasho. Orvieto haihitaji sikukuu, ni saa moja na kitu kwa treni kutoka Roma. Ione sura ya kanisa kuu jua linapoelekea kuzama, halafu ushuke kile kisima alichochimbiwa Papa Clement VII: ngazi 248, zikiwa njia mbili zinazozunguka bila kukutana, ili punda anayeshuka asigongane na anayepanda. Magoti yatakusimulia kesho yake.

Usafiri: Roma hadi Perugia ni kama saa mbili na nusu hadi tatu, mara nyingi kwa kubadili treni Foligno. Tiketi ya karatasi ya treni za mkoa uigonge kwenye mashine kabla ya kupanda, la sivyo utatozwa faini ukiwa na tiketi mkononi. Ukifika Perugia utashuka bondeni, na mji uko juu. Panda zile ngazi za umeme zinazopita ndani ya Rocca Paolina, mabaki ya ngome ya zamani. Utajikuta unapita kwenye mitaa halisi, milango na madirisha, chini ya ardhi. Papa Paulo III alipandisha bei ya chumvi mwaka 1540, Perugia ikagoma, ikapigwa, naye akajenga ngome juu ya nyumba za familia ya Baglioni iliyoutawala mji. Ngome yenyewe ilibomolewa karne ya 19, mitaa iliyozikwa ikabaki.

Na hapo tumefika mezani. Umbria ni nchi ya kitimoto, nakuonya mapema. Mji wa Norcia umewapa Waitaliano hata jina la duka la bidhaa za nguruwe. Muislamu hatakufa njaa, lakini ajifunze sentensi moja, "C'è strutto?", yaani kuna mafuta ya nguruwe humu? Mikate mingine ya kuchoma huwa nayo. Adesi za Castelluccio ni ndogo na tamu, tambi za umbricelli ni nene za kushibisha, na uyoga wa tartufo wanaukwangulia juu ya mayai bila majivuno.

Ila mkate wao hauna chumvi. Kabisa. Mwenye nyumba wangu anasema ni tangu vita vile vya Papa, kwamba babu zake waliapa kutoinunua chumvi yake, na hadi leo hawajavunja kiapo. Wanahistoria wanaikataa hadithi hiyo, wanasema mkate ulikuwa hivyo hata kabla. Nilimwambia mara moja. Hakunisemesha hadi kahawa. Sasa ninaposafiri hubeba chumvi kidogo kwenye karatasi, na huinyunyiza akiwa amegeukia jiko.