Kabla hujakompaili kerneli ya seva ya mtu

Kila kijana anayekuja kujifunza kazi kwangu hapa Kirumba, haiishi wiki ya tatu kabla hajauliza: "Kaka, kwa nini tusikompaili kerneli yetu wenyewe? Si mashine itakuwa nyepesi?" Simcheki. Mimi mwenyewe niliwahi kuiharibia kazi kompyuta ya mzee mmoja wa dagaa pale Mwaloni kwa wazo hilohilo. Kerneli ndiyo kiini cha Linux kinachoendesha vifaa vya mashine, na kuikompaili ni kuijenga mwenyewe kutoka kwenye kodi (msimbo wake) badala ya kutumia iliyokuja tayari.

Ilikuwa mashine ya mtumba yenye Debian, mojawapo ya distro (Linux zilizofungwa tayari), inatunza hesabu za magunia yanayoshushwa kutoka Ukerewe. Nikaibeba nyumbani, nikapiga `make localmodconfig`. Amri hiyo hutazama moduli (vipande vya kerneli vya kuendeshea vifaa) zilizopakiwa dakika ileile na kuzima karibu zote zilizobaki. Sasa, modemu ya USB ilikuwa mfukoni mwangu, na mizani inayochomekwa kwenye mashine hiyo ilikuwa Mwaloni. Nilikesha nayo, umeme ukakatika mara moja, asubuhi ikawaka vizuri, nikajiona fundi. Kufika sokoni nachomeka modemu, kimya. Mizani, kimya. Magunia yamepangwa foleni, wachukuzi wananitazama. Mzee akasema tu, "Kijana, jana si ilikuwa inafanya kazi?"

Kilichoniokoa ni kerneli ya zamani, sikuwa nimeifuta. Niliwasha upya, nikaichagua kwenye menyu ya GRUB inayotokea mashine inapoanza kuwaka, mizani ikasoma. Usifute kerneli inayowaka hata siku moja, labda `/boot`, folda zinakokaa kerneli, ijae kabisa, na hata hapo bakiza moja.

Na ule wepesi wenyewe haupo. Zile moduli maelfu zinazokuja na kerneli ya distro hukaa kwenye diski. Kwenye memori hupanda zile tu ambazo kifaa chako kinazihitaji. Nilikesha kuokoa nafasi ya diski ambayo hakuna aliyekuwa anaililia.

Kukompaili ni usiku mmoja, kutunza ndiyo kazi. Mwaka 2016 ilipotangazwa kasoro ya Dirty COW, iliyokuwa imejificha tangu kerneli ya 2.6.22 ya mwaka 2007, wenye kerneli ya distro walipakua sasisho na kuwasha upya. Aliyejikompailia alitakiwa apate habari mwenyewe, avute kodi, ajenge tena, azungukie mashine moja moja. Halafu msitishwe na namba: Red Hat, wenye distro nyingine, hurudishia marekebisho mapya kwenye toleo la zamani, kwa hiyo `uname -r` (amri ya kuonyesha toleo la kerneli) inaweza kuonyesha uzee usiokuwepo.

Sababu za kweli za kukompaili zipo: draiva, yaani programu ya kuendeshea kifaa, ambayo distro haina (jaribu kwanza kerneli ya backports, yaani toleo jipya lililoandaliwa kwa Debian yako), kiraka (rekebisho la kodi) ambacho hakijaingizwa rasmi, au kujifunza. Kujifunza, fanyia laptopu yako. Anza na faili la config (orodha ya machaguo ya kerneli) lililomo `/boot`, piga `make olddefconfig`, kisha `make bindeb-pkg` upate kifurushi cha .deb ambacho apt (kisakinishi cha Debian) inaweza kukiondoa ukikwama. Kama Secure Boot (ulinzi unaohakiki saini mashine inapowaka) imewashwa na hujasaini kerneli yako, haitawaka. Angalia hilo kabla hujaanza kulaumu config.

Mashine ya mzee bado iko Mwaloni, na kerneli ya Debian. Nikipita hunisalimia vizuri, ila kompyuta hanipi tena niondoke nayo.