Rangi na Wivu katika Anna Karenina: Kwa Wanaoanza Uhakiki

Wengi wanaoanza uhakiki huja na orodha iliyokaririwa: nyeusi ni msiba, nyekundu ni damu, nyeupe ni usafi. Katika Anna Karenina, riwaya ya Leo Tolstoy iliyoanza kuchapishwa kwa sehemu jaridani mwaka 1875, orodha hiyo haifiki mbali, kwa sababu kabla ya kuuliza rangi ina maana gani inakupasa uulize ni nani anayeitazama, na moyo wake una nini wakati huo.

Anzeni na dansi ya Moscow katika sehemu ya kwanza. Kitty, msichana aliyekwisha kumkataa mchumba mmoja, Levin, kwa ajili ya afisa kijana Vronsky, amevaa gauni la rangi ya waridi na anatarajia kwamba mazurka, mojawapo ya dansi za usiku huo, ndiyo itakayoamua mambo. Alitaka sana Anna, mke wa mtu na mhusika mkuu wa riwaya, avae zambarau. Anna anatokea na gauni jeusi la mahameli. Msomaji mwenye haraka huandika "ishara ya kifo" na kufunga daftari, akisahau kwamba Kitty mwenyewe ana utepe mweusi wa mahameli shingoni, na kwamba ulimfurahisha alipojitazama kwenye kioo. Someni polepole. Mwanzoni Kitty anakiri moyoni kwamba zambarau ingekosea, maana gauni lile ni fremu tu na anayeonekana ni Anna. Vronsky anapoicheza mazurka na Anna, Kitty bado anamwona Anna ni mzuri, ila sasa katika uzuri huo anaona jambo la kutisha na la kikatili. Gauni ni lile lile. Wivu ndio ulioingia, na hapo ndipo penye hoja ya insha yenu ya mtihani.

Kisha rukeni hadi sehemu ya saba. Anna, ambaye sasa anaishi na Vronsky na amekwisha kugombana naye, anachungulia dirishani na kumwona msichana aliyevaa kofia ya zambarau akitokeza kichwa garini, na Vronsky akipokea bahasha kutoka kwake huku akitabasamu. Bahasha hiyo ina fedha na hati kutoka kwa mama yake Vronsky, shughuli ya kawaida kabisa, lakini Anna anajua kwamba mama huyo angependa mwanawe amwoe binti huyo. Rangi ambayo Kitty alimtakia Anna imerudi kichwani kwa mwingine, na safari hii mwenye wivu ni Anna. Kama Tolstoy alikusudia mwangwi huo, siwezi kuapa. Mtahini naye hadai kiapo, anadai mistari iliyonukuliwa kutoka sura zote mbili.

Kuna pia kimkoba chekundu, ambacho Anna anatoa mto ndani yake akiwa safarini kwenda Petersburg, na ambacho kinamchelewesha kidogo kando ya reli siku ya mwisho ya maisha yake, anapojitupa chini ya treni. Hakuna jicho la wivu linalokitazama, kwa hiyo kipeni aya yake na msikilazimishe kuingia katika hoja hii.