Tangazo Lisilo na Mwaka

Ukimwambia mtu wa Kisiwani, mjini Mombasa, kwamba unaishi Mwakirunge, atakuuliza kama ni kule kunakotupwa taka. Ndiko. Lakini huku kuna watu pia, kuna mihogo na mikorosho, kuna watoto wanaovuka bonde kwenda shule, na kwa karatasi tuko kaunti ya Mombasa sawa na mtu wa Makadara. Tofauti ni kwamba habari za serikali hutufikia kama harufu ya pilau ya nyumba ya mbali: unajua kuna kitu kimepikwa, hujui kilipakuliwa saa ngapi.

Kwa miaka sita sasa mimi ndiye "mtu wa matangazo" kijijini kwetu. Hakuna aliyenichagua. Nilikuwa na simu yenye bando na nilikuwa nashuka mjini kila siku kibaruani, basi watu wakaanza kuniuliza: maji yanarudi lini, fomu za basari zimetoka, yule afisa anakuja au haji. Ninayoyaandika hapa ni ya yeyote aliyeangukiwa na kazi hii, maana kila kijiji kina mtu wake.

Nianze na aibu yangu.

Jumatano moja usiku nilitumiwa picha ya tangazo. Maafisa wa usajili watafika kwa chifu Alhamisi hii, wenye kupoteza vitambulisho na wasio na vyeti vya kuzaliwa waje na stakabadhi zao. Lilikuwa na nembo, muhuri na sahihi. Nikalisambaza kwenye makundi manne kabla sijamaliza kula. Asubuhi bibi mmoja jirani yangu, ambaye hana simu, akasomewa na mjukuu wake. Akakopa mia mbili za boda boda, akafunga kadi ya kliniki na nakala ya kitambulisho cha marehemu mumewe kwenye pindo la leso, akaenda. Alikuta watu wapata thelathini chini ya mwembe, na karani akiwauliza nani amewaita.

Lilikuwa tangazo la mwaka uliotangulia. Halikuwa na mwaka, halikuwa hata na tarehe. "Alhamisi hii," basi. Kila wiki ina Alhamisi yake.

Jioni nilienda kumwomba radhi. Aliitikia shikamoo yangu vizuri, akanipa kiti, akasema: "Si neno, mwanangu. Lakini wewe ulilisoma. Mimi nilisomewa." Mia mbili zake nilimrudishia. Hayo maneno sijui nitayarudisha na nini.

Tangu siku hiyo tangazo halitoki kwenye simu yangu mpaka nijue ni la siku gani, tarehe gani na mwaka gani, limetolewa na nani, mtu aende na nini mkononi, na kama kuna pesa inayotozwa. Likikosa kimoja, napiga simu kwa mzee wa kijiji au naibu wa chifu. Ni simu ya dakika moja. Na vile vishale viwili vinavyoonyesha ujumbe umepita mikono mingi, mimi huviona kama alama ya samaki aliyelala: huenda bado mzuri, lakini mnuse kwanza.

Hilo la pesa nalikazia. Bima ya afya ya zamani, NHIF, ilipoondoka na mpya ya SHA ikaingia Oktoba 2024, alitokea kijana hapa stejini akisajili wazee kwa shilingi mia kila mmoja. Usajili ule ni bure, na hata kwa simu ya mulika mwizi unabonyeza *147# ukajisajili ukiwa umekaa barazani. Wazee walilipa kwa sababu hakuna aliyewahi kuwaambia bei ni sifuri. Neno "bure" lisipoandikwa kwenye tangazo, kuna mtu atalijaza pengo hilo kwa mfuko wake.

Sasa stima. Matangazo ya kukatwa stima kwa matengenezo hutolewa mapema, gazetini na kwenye kurasa za shirika lenyewe la stima, Kenya Power, na yanaorodhesha sehemu na saa. Shida ni mbili. Ya kwanza ni saa. Tangazo linaandikwa kwa Kiingereza, "9.00 A.M.", na mtu wetu akiiona tisa anasoma saa tisa. Kuna mama hapa anayeuza barafu za ukwaju na za maziwa. Friji yake moja ndiyo ada ya watoto wake wawili. Alisoma saa tisa, akajaza friji alfajiri akijua atauza mpaka mchana. Stima ikaondoka saa tatu asubuhi. Nilipita saa saba nikamkuta anazigawa kwa watoto wa madrasa, maji ya ukwaju yakichuruzika mpaka mlangoni, naye anacheka kile kicheko ambacho si cha furaha. Kwa hivyo mimi siku hizi nikipeleka habari ya stima naandika "saa tatu asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni", kwa maneno, tarakimu nazitupa.

Shida ya pili ni majina. Orodha ikitaja Kiembeni na isitutaje sisi, haina maana tumesalimika. Stima haifuati mipaka ya kijiji, inafuata laini. Sisi wa upande wa bondeni tunazimika pamoja na watu ambao hatujawahi kuamkiana nao, na jirani zetu wa ng'ambo ya barabara wanabaki na taa. Jua transfoma yako ni ipi, kisha kwa miezi miwili hivi angalia mnazimika pamoja na nani. Mimi nimeandika nyuma ya kalenda. Ikizimika bila tangazo, wapigie Kenya Power 97771 na uombe namba ya ripoti. Ile namba ndiyo utakayodaia kesho yake, la sivyo kila ukipiga unaanza upya.

Maji ndiyo habari ninayoulizwa kuliko zote, na ndiyo iliyonichukua muda mrefu kuielewa. Mombasa yote hii, pamoja na bahari yake, maji yake ya kunywa inaletewa: Mzima kule Taita Taveta, Marere na Tiwi upande wa Kwale, na Baricho, Kilifi, kando ya mto Sabaki. Sisi wa kaskazini ni watu wa Baricho. Na Baricho ni visima vyenye pampu, na pampu zinakula stima. Kwa hivyo nikisikia stima imeleta shida kule Baricho au Sabaki umefurika, mimi sisubiri tangazo la maji. Namwambia mke wangu tujaze mitungi usiku huo huo. Mfereji huendelea kutoka siku moja au mbili kwa yale yaliyobaki kwenye matangi, ndiyo maana watu hudanganyika. Siku ya tatu mtungi wa mkokoteni uliokuwa ishirini unakuwa hamsini na mwenye mkokoteni hapokei simu.

Kwa hiyo ukitaka kujua habari za maji huku, sikiliza habari za Kilifi. Redio zetu za Pwani, Pwani FM, Bahari, Kaya, huzitaja hizi mara nyingi katika taarifa za asubuhi, kwa lugha ambayo hata bibi anaifuata. Nilikuwa nadharau redio nilipopata simu kubwa. Nimerudi.

Ardhi sitaimaliza leo, lakini kuna jambo moja ambalo ningependa kila kijana mwenye intaneti afanye kwa ajili ya wazee wake. Gazeti Rasmi la Serikali hutoka kila Ijumaa, na linasomeka bure kwenye mtandao. Humo ndimo mtu anapotangaza kwamba hati ya shamba imepotea na anaomba mpya. Pingamizi lisipopelekwa ndani ya siku 60, anapewa. Humo ndimo pia mirathi inapotangazwa, na hapo siku ni 30 tu. Hakuna atakayekuja kukugongea hodi. Ami yangu alikuwa akilima kipande cha babu miaka yote, kumbe mmoja katika jamaa amekwenda mahakamani kuomba usimamizi wa mali peke yake. Nililiona jina la babu nikiwa napitia kurasa zile kwa uvivu, siku nne kabla ya muda kwisha. Ami alipanda matatu ya alfajiri, akaweka pingamizi, na mpaka leo kesi inaendelea lakini mihogo bado ni yake. Andika jina la marehemu wenu, namba ya shamba, uwe unatafuta mara moja kwa mwezi. Ni kazi ya dakika kumi na inachosha macho.

Mikutano ya bajeti ya kaunti watu huiona kama mahali pa kwenda kunywa soda. Nami niliiona hivyo. Lakini tazama kalenda yenyewe: mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na makadirio yanatakiwa kufika bunge la kaunti kabla ya Aprili 30 kwisha. Wewe unayelalamika Juni mvua ikiwa imekata njia, umeshachelewa. Pesa za mwaka ule zimekwisha kugawanywa. Mkutano wa kwanza niliohudhuria tulikuwa watu kumi na mmoja, wanne wa nyumba moja. Tukaomba "barabara". Karani akaandika "barabara". Ndivyo ilivyobaki, neno moja kwenye daftari. Mwaka uliofuata tulikwenda na picha za Mei, za watoto wamebeba viatu mkononi, na tukataja kalavati mbili: moja chini ya shule, moja pale pa mkorosho mkubwa, na upana wake kwa hatua. Kalavati moja imejengwa. Ya mkorosho bado, na nitaendelea kuitaja mpaka wanichoke.

Na pale ofisi ikikunyamazia? Kuna sheria ya mwaka 2016 ya haki ya kupata habari. Unaandika barua kuomba unachotaka kujua, kwa Kiswahili ukitaka, sheria yenyewe inasema Kiingereza au Kiswahili. Hulazimiki kueleza unaitakia nini. Wana siku 21 za kukujibu, na kama jambo linagusa uhai au uhuru wa mtu, saa 48. Asiyejua kuandika anasema kwa mdomo, na afisa ndiye anayepaswa kumwandikia. Mimi niliandika barua moja kuhusu kisima kilichochimbwa hapa kikafungwa kufuli. Karani aliipokea kama mtu aliyepewa kuku hai ofisini. Hakujua aiweke wapi. Nikamwomba agonge muhuri nakala yangu, na huo muhuri ndio siri ya jambo zima, kwa sababu siku zinahesabiwa kuanzia pale. Jibu lilikuja siku ya kumi na tisa, nusu ukurasa. Kufuli halikufunguka kwa sababu ya ile barua peke yake, nisiwadanganye, lakini tulijua sasa ufunguo uko kwa nani.

Limebaki la kufikisha. Kundi la simu linawafikia wenye simu, na wenye simu ndio wenye njia nyingine za kujua. Anayehitaji zaidi habari za pesa za wazee wa miaka 70 ni mzee wa miaka 70. Kwa hivyo mimi naandika kwa kalamu nene kwenye karatasi, moja naibandika dukani, moja kwenye kibanda cha maji, maana pale watu wanasimama foleni na hawana la kufanya ila kusoma. Ijumaa namwomba imamu, Jumapili kuna dada mmoja anayesoma kanisani baada ya ibada. Matangani pia, watu hawapendi niseme hivi, lakini hakuna baraza linalojaza watu kama msiba, na baada ya mazishi hata chifu mwenyewe husimama akatangaza yake. Kwa wazee hurekodi sauti, Kiduruma au Kigiriama, mjukuu akaibonyeza wakaisikiliza wote. Na tangazo likipitwa na siku yake nalibandua. Hili ndilo gumu, kwa sababu hakuna anayekushukuru kwa karatasi ambayo haipo.

Wiki iliyopita nilikuwa napita na karatasi mpya mkononi, ya chanjo ya mifugo. Yule bibi alikuwa kibarazani anapeta mchele. Kabla sijafungua mdomo kuamkia, aliinua ungo kidogo akanitazama.

"Mwaka gani hiyo?"