Wikendi ndefu kwenye basi: siti isiwe ya mtu

Msomaji mmoja ameniandikia. Yeye na marafiki zake wamekodi basi, wikendi ndefu ijayo wanakwenda kuzunguka milimani, na tayari kwenye grupu lao watu wameanza kununiana. Michango imetimia na njia wamekubaliana. Wanachogombania ni siti. Anauliza kama huo ni utoto, na kama ayaache mambo yajipange yenyewe asubuhi ya safari.

Si utoto, na yakiachwa hayajipangi. Nalisema kwa kifua mbele kwa sababu nimetoka safari ya namna hiyohiyo juzijuzi, mimi ndiye niliyesimamia, na tumerudi tunapendana kuliko tulivyoondoka. Watu waliokuwa wameapa kutopanda tena basi moja sasa wananiuliza tunaondoka tena lini. Naona fahari, na sitaificha.

Ila kabla ya hii ipo nyingine ambayo bado inaniuma. Waliowahi kufika walishika siti zote za dirishani upande wa kulia, wakaweka na mabegi kuwashikia wenzao. Sisi wengine tukakaa kushoto. Njia yetu ilikuwa inazunguka ziwa, na dereva alilizunguka kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa. Ukizunguka hivyo, maji yanakuwa kulia kwako mwanzo hadi mwisho, wala hakuna kona itakayoyahamishia kushoto. Wenzetu wakawa wanashangilia na kupiga picha, sisi tunatazama ukingo wa udongo uliochongwa kupitisha barabara. Nikamwomba rafiki yangu, mtu niliyekua naye, tubadilishane japo kwa kipande kifupi. Akanijibu bila hata kugeuka: "Ungewahi."

Hatukugombana. Tuliagana vizuri tu, ila simu zake zikapungua, zangu nazo zikapungua, na leo tunasalimiana kwenye misiba na harusi. Akisoma hapa atajijua. Simwombei baya, lakini jibu lile sijalisahau, na naamini lisingetoka mdomoni mwake kama siti ile isingekuwa mali yake ya siku nzima.

Kwa hiyo safari hii niliweka sharti moja kabla sijapokea mchango wa mtu yeyote: kila basi linaposimama, tunahama. Wa kushoto wanasogea mbele safu mbili, wa kulia wanarudi nyuma safu mbili, anayefika mwisho wa upande wake anavukia wa pili. Aliyekuwa dirishani anampisha jirani yake. Anayeweka begi kushikia mtu nafasi, begi linaondolewa. Basi.

Kulikuwa na manung'uniko mwanzoni, hasa kutoka kwa wale waliozoea kukaa na watu wao. Sikulegeza. Tulipopumzika mchana nikaongeza jingine: wa dirishani wahame, wa kwenye njia ya katikati wabaki. Hapo ndipo watu waliojuana kwa majina tu walipojikuta bega kwa bega kwa masaa. Kuna mmoja wetu ambaye miaka yote tumemchukulia kuwa hana la kusema. Kumbe anajua ndege. Kila tulipopita bonde anatuonyesha mwewe anavyopanda na hewa ya joto bila kupiga mbawa, anazunguka tu, anapanda, na aliyekaa naye anatuita wengine tuje kuona. Kwenye mpango wa zamani angekaa nyuma na ukimya wake, sisi tungeendelea kusema hana la kusema. Nimeliwaza sana jambo hili tangu turudi.

Yupo atakayesema njia ya kwenda na kurudi haina haja ya kuhama, kwa kuwa bonde lililokuwa kulia wakati wa kwenda litakuwa kushoto wakati wa kurudi. Kwa mandhari, sawa. Kwa jua, siyo. Basi likielekea kaskazini asubuhi, jua liko kulia. Likirudi kusini alasiri, jua liko kulia tena. Upande unaochomwa hufunga pazia, na mtu aliyefunga pazia hayupo safarini. Njia ya mzunguko ndiyo isiyosamehe kabisa. Iceland ina barabara namba 1 inayozunguka kisiwa kizima, kilomita 1,322. Ukiizunguka kinyume cha mishale ya saa, bahari iko kulia njia nzima, na wa kushoto hubaki na upande wa bara. Hameni.

Wanaochafukwa na tumbo ndio pekee ninaowaondoa kwenye zamu, na hawa wasibishiwe. Sikio la ndani linahisi basi linapinda na kuyumba, macho yaliyoinamia simu yanaona kitu kilichotulia, ubongo unapokea habari mbili zisizopatana, kichefuchefu kinaanza. Wapeni siti za mbele wanakoiona barabara na kona zinavyokuja. Nyuma ya tairi za nyuma basi hurusha zaidi, msimkalishe mtu huyo huko kwa ajili ya usawa. Dawa imezwe kabla ya kuondoka, kwa sababu tumbo likishachafuka haisaidii sana, na ajue kwamba nyingi zinaleta usingizi.

Vituo vya kuhamia siti msivibuni. Dereva lazima apumzike, na pumziko lake ndilo zamu yenu. Katika Umoja wa Ulaya sheria inamtaka apumzike dakika 45 akishaendesha kwa saa 4 na dakika 30. Barabara ya milimani mimi nasimama mapema zaidi ya hapo, na simruhusu mtu amharakishe dereva ati tuwahi picha ya machweo.

Wapendwa, mnakodi basi pamoja, mnachanga sawa, halafu mnakubali aliyeamka mapema awe na haki kuliko mwenzake aliyekuwa anavalisha watoto? Hapana. Kama hamuwezi kugawana dirisha kwa siku chache, jiulizeni mnagawana nini mwaka mzima. Hameni, na anayekataa kuhama aambiwe mbele ya wote, kwa upole, ila aambiwe.

Na wewe uliyeniandikia: litangaze sharti hili leo kwenye grupu, kabla ya asubuhi ya safari. Anayelikataa arudishiwe mchango wake wote mapema, muda ungalipo wa kumpata wa kujaza nafasi. Siku yenyewe simama mlangoni, wapangie siti za kwanza kwa kura, na wewe mwenyewe uchukue siti ya mwisho itakayobaki.