Pa kuanzia utafiti wa maandamano ya wanafunzi ya 1966

Ndugu, umeeleza kuwa ulipotafuta neno "maandamano" katika orodha ya nyaraka za chuo, hukupata chochote kuhusu wanafunzi wa Dar es Salaam walioandamana hadi Ikulu tarehe 22 Oktoba 1966. Sishangai, kwa sababu majalada ya aina hiyo hufunguliwa na utawala, si na wanafunzi. Kwa hiyo tafuta chini ya nidhamu, udahili, mikopo na Jeshi la Kujenga Taifa, ambalo masharti yake ndiyo waliyoyapinga hadi wapatao 400 wakarudishwa makwao. Kumbuka pia kwamba chuo kilikuwa bado sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, hivyo barua nyingine huenda ziko Nairobi au Makerere.

Magazeti ya wakati ule yapitie kwa ajili ya tarehe tu. Kwa sauti ya wanafunzi wenyewe katika miaka iliyofuata, soma machapisho yao, hasa jarida la Cheche, lililoanza 1969 na kupigwa marufuku 1970. Ukiwahoji walioshiriki, wapelekee nakala ya waraka wenyewe, kwa kuwa mzee akiona sahihi anayoifahamu hukumbuka mengi kuliko akiulizwa maswali matupu.